Yoga Inatosha Kwenye Mkeka Mmoja

Muhula huu nimeulizwa swali moja mpaka limeanza kunichosha: "Wewe mtoto wa Ujiji, yoga umeitoa wapi?" Anayeuliza huwa ameshajijibu kichwani. Kwake yoga ni mambo ya wadada wa Masaki, ya wazungu kwenye hoteli za Zanzibar, au ya Wahindi wa Upanga. Mtu aliyekulia kwenye dagaa na mawese akionekana anafanya yoga, basi lazima kuna mtu amemdanganya. Naomba nijibu hapa mara moja kwa wote, maana jibu lenyewe linahusu chumba fulani, na chumba hicho sasa hivi kina kufuli.

Kwa wasioujua mkasa: tulikuwa tisa, wasichana saba na wavulana wawili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tulikuwa tunaingia kwenye chumba kimoja cha semina saa kumi na moja na nusu alfajiri, wengine tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kuswali. Tunasogeza viti ukutani, tunatandika mikeka, tunafanya mazoezi saa moja, tunarudisha viti, tunaondoka. Lekcha ya kwanza mle ndani ni saa mbili asubuhi. Hatukuharibu kitu. Halafu yakapelekwa malalamiko kwamba kuna kikundi kinaabudu jua kwenye majengo ya chuo. Ufunguo ukachukuliwa. Hakuna aliyetuita kutuuliza tunafanya nini. Barua yetu kwa serikali ya wanafunzi ina wiki ya tano sasa, na sina shaka imelala mahali pazuri tu.

Basi nianze na huko nilikoitoa hiyo yoga.

Nilimaliza kidato cha sita Mei 2024 nikarudi nyumbani Ujiji. Mwezi huohuo, tarehe 15, serikali ikalifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi, miezi mitatu, hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Msomaji wa Dar anaweza kuisoma sentensi hiyo akaipita. Kwa Kigoma, ziwa likifungwa mji unakaa chini. Kibirizi na Katonga, ambako asubuhi huwezi kupita kwa wachuuzi, wapagazi na mitumbwi inayorudi, palikuwa kimya hadi unasikia maji yanavyogonga mchanga. Baba mdogo, ambaye amevua dagaa tangu enzi za karabai kabla ya taa za sola kuingia, akawa anashinda barazani na mgongo wake. Nasema na mgongo wake kwa sababu alipokuwa kazini hakuwa na nafasi ya kuusikia. Kuvuta nyavu usiku kucha, kuinama, kupiga kasia, kulala mchana juu ya magunia, miaka ishirini na zaidi. Alipopumzika ndipo mgongo ukaanza kudai.

Mimi nilikuwa na simu ya zamani ya dada yangu, na ndani yake mlikuwa na video tatu za yoga alizozihifadhi wakati wa ujauzito. Bando la kutafuta nyingine halikuwepo. Nikazirudia hizo hizo tatu, kwenye mkeka wa ukili, uani, kabla ya kufagia, miezi mitatu. Wiki ya pili Baba mdogo akaja kusimama mlangoni. Wiki ya tatu akauliza kama ule mkao wa kupiga magoti na kulaza kifua juu ya mapaja unaweza kusaidia kiuno. Nikamwambia sijui Baba, jaribu. Akajaribu. Yoga iliingia kwetu namna hiyo: ziwa limefungwa, hela hakuna, na mvuvi ana muda. Hakuna mzungu aliyehusika.

Sasa mikao yenyewe. Majina yake ya asili ni ya Kisanskriti na ninayajua, ila nyumbani, na baadaye kikundini, tumekuwa tukitumia majina tuliyoyatoa wenyewe.

Ninaoupenda kuliko yote ni kuchuchumaa. Kwenye video unaitwa malasana, na mwalimu anauonyesha kama kitu cha waliokwisha kuendelea. Wanafunzi wake anawawekea blangeti chini ya visigino kwa sababu havifiki sakafuni. Siku ya kwanza naufanya uani, Bibi alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, amechuchumaa, nyayo zote mbili chini, magoti wazi, anachambua dagaa kwenye ungo. Alikuwa amekaa hivyo tangu nilipoamka. Akanitazama nikitetemeka. "Mke mwenzangu," akaniambia, "hiyo ndiyo wanayolipia hela huko mjini?" Nikamjibu ndiyo, Bibi. Akacheka mpaka akaweka ungo pembeni.

Bibi ana miaka sabini na kitu. Mimi wakati huo nilikuwa na ishirini, na nikikaa hivyo dakika mbili visigino vinainuka vyenyewe na vifundo vya miguu vinawaka. Hakuna muujiza hapo. Kifundo na nyonga hupoteza mkunjo usiotumika. Miaka sita ya bweni na madawati, kisha viti vya lekcha, vimbweta, vyoo vya kukaa, na mwili unasahau njia. Bibi hakufundishwa malasana na mtu yeyote, ila hakuacha kuchuchumaa tangu utotoni: akianika dagaa, akipepeta mchele, akichochea moto, akifua. Mimi niliacha. Leo ninafika dakika tano, nyayo chini. Na kila nikiufanya huku chuoni nasikia harufu ya dagaa, jambo ambalo najua halimo kwenye kitabu chochote cha yoga.

Mwingine ni mtumbwi. Kisanskriti ni navasana, na maana ya neno ni hiyohiyo, chombo cha majini, kwa hiyo hapa hatukubadilisha kitu. Unakaa kwa makalio, unainua miguu yote, unaegemea nyuma kidogo na kunyoosha mikono mbele. Tumbo linatetemeka kama injini ya boti inayogoma kuwaka. Baba mdogo mara ya kwanza alikaa zaidi ya dakika moja huku anapiga stori, akaniuliza makasia yako wapi. Mimi nilidumu sekunde kumi na tano. Mkao huu siupendi hata leo. Nautaja hapa kwa heshima yake.

Mti tumeuita mchikichi. Unasimama mguu mmoja, unyayo wa mguu mwingine unaukandamiza kwenye paja kwa ndani, viganja vinakutana kifuani au juu ya kichwa. Siri yake ni macho: chagua kitu kisichotembea ukikazie. Nilipokuwa nyumbani nikishuka ziwani asubuhi isiyo na ukungu nilikuwa natazama milima ya Kongo ng'ambo. Chuoni nilikuwa natazama swichi ya taa. Kazi ni ileile, ingawa sitadai kwamba ladha ni moja.

Halafu kuna ule wa mwisho wa kila zoezi, savasana. Maana yake ni mkao wa maiti. Unalala chali, mikono pembeni, viganja juu, hufanyi chochote dakika tano. Jina hilo Bibi alilikataa katakata. Hakuna mtu atakayelala maiti uani kwake asubuhi asubuhi. Mdogo wangu akauita dagaa juani, na ukipita Katonga ukaona dagaa walivyoanikwa kwenye mchanga na vichanja, wamelala hawana habari na mtu, utakubali kwamba mtoto alipatia. Jina limeshika. Wenzangu wa Tanga na Mbeya, ambao ziwa lenyewe hawajaliona, siku hizi wakichoka katikati ya zoezi wanauliza, "Dagaa bado?"

Nisiwafanye mkadhani ni raha tupu. Kuna mkao wa mbwa anayejinyoosha, mikono na miguu chini, makalio juu, umbo la paa la nyumba. Huo ulinitesa viganja hadi nikawa siwezi kushika kalamu ya kunakili desa. Bibi alinikanda kwa mafuta ya mise kila jioni, na sitabisha kwamba yalisaidia, lakini kilichonitoa ni kuuacha wiki tatu nzima, kisha kuurudia kwa pumzi mbili mbili, nikikandamiza sakafu kwa vidole vyote badala ya kuulaza uzito wote kwenye kifundo cha mkono. Visigino vyangu katika mkao huo havijagusa chini mpaka leo. Kuna watu havitawagusa maisha yao yote kwa namna mifupa yao ilivyo, na hakuna kilichoharibika.

Shida kubwa zaidi ni kudumu. Wiki ya UE kila kitu kinasimama. Chuoni neno msuli lina maana ya kukesha na daftari, na msuli wa kweli, ule wa mgongo, ndio unaolipia. Unakaa kimbweta kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane, shingo imeinama kama mwavuli wa zamani, na asubuhi ukiambiwa yoga unaona ni dharau. Kuna kichwa pia. Katika zile dakika tano za dagaa juani, ambazo akili inatakiwa itulie, yangu inahesabu bumu lililobaki, inakumbuka somo la takwimu lililonukia sup, inapika ugali. Zamani nilikuwa naikemea. Sasa naiacha ipike, nikigundua imetoka narudi kwenye kuhesabu pumzi, na kwa dakika tano naweza kurudi mara thelathini.

Kwenye kudumu nilipata msaada nisioutarajia, kutoka kwa Baba mdogo. Wavuvi wa dagaa kwetu hupumzika siku za mbalamwezi. Uvuvi wao ni wa taa: dagaa hufuata mwanga gizani, na mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa yako haiwaiti. Kwa hiyo siku hizo mitumbwi inalala, nyavu zinashonwa, watu wanakwenda harusini. Baadaye nikasoma kwamba wafuasi wa Pattabhi Jois, yule mwalimu wa Mysore aliyeeneza yoga ya mtindo wa ashtanga, nao hawafanyi mazoezi siku ya mwezi mpevu na siku ya mwezi mwandamo. Nikampigia simu Baba mdogo kumwambia. Akasema, "Basi hao nao ni wavuvi." Tangu hapo mbalamwezi ikiingia mimi sifanyi, na sijioni mvivu. Kabla ya hapo nilikuwa nikikosa siku moja naacha wiki mbili kwa hasira.

Nimeyaeleza yote haya ili mjue ni kitu gani hasa kimefungiwa kufuli. Swali la maana ni kwa nini kikundi cha namna hiyo kipewe chumba wakati uwanja wa mpira upo.

Sitasema kwamba yoga inaponya. Muhula uliopita nilipokea kwenye kundi la WhatsApp ujumbe kwamba yoga inaondoa kisukari, presha, vidonda vya tumbo na mikosi. Anayesambaza hayo anatuharibia. Kinachojulikana ni cha kawaida zaidi. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka yoga kwenye orodha ya vitu vya kujaribu kwanza kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini kabla ya kukimbilia vidonge, pamoja na mazoezi mengine na tai chi. Mwaka huohuo mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane yalionyesha kwamba kwa watu wenye maumivu hayo yoga huleta nafuu ndogo hadi ya wastani ukilinganisha na kutofanya zoezi, na kwamba ukiilinganisha na mazoezi mengine ya mgongo tofauti ni ndogo au haipo. Yaani Baba mdogo angeweza kupata nafuu ileile kwa zoezi jingine lolote la mgongo, kama tu angelifanya.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Zoezi jingine lipi, na wapi? Uwanja wa mpira ni wa timu za vitivo, na vijana wa kiume wana ratiba yake hadi Juni. Netiboli ina uwanja mmoja, na timu ina wachezaji saba. Jimu ya jirani inalipiwa kwa mwezi kiasi ambacho kwa wengi wetu ni chakula cha wiki mbili. Kukimbia barabarani alfajiri, kwa msichana aliye peke yake, sihitaji kueleza. Hosteli nayo: chumba chetu ni cha watu wanne, dabo deka mbili, tunalala sita kwa sababu wawili tunawabeba. Sakafu inayobaki ina ndoo, masanduku, viatu, na jiko la umeme ambalo sitataja ni la nani. Mkeka hauingii hadi uukunje.

Yoga inahitaji sehemu yenye urefu wa mtu na upana wa mikono. Haihitaji viatu. Haihitaji mpira, refa, wala timu pinzani. Unaweza kuifanya umevaa suruali pana na juba fupi na mtandio wako kichwani, na hakuna anayekaa jukwaani kukuangalia. Wasichana wanne kati ya wale saba hawakuwa wamefanya zoezi lolote tangu kidato cha nne. Hawakuja kwa sababu ya India. Walikuja kwa sababu palikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani.

Tuje kwenye dini, maana ndiyo iliyoleta kufuli. Kuna wenzangu ambao wakiulizwa hujibu haraka kwamba yoga ni mazoezi tu, haina dini. Sikubaliani nao. Yoga imezaliwa India ndani ya dini na falsafa za huko. Wahindu, Wabudha na Wajaini wameitumia kama njia ya kiroho karne nyingi kabla haijawa kitu cha kujinyoosha asubuhi. Ule mzunguko maarufu wa mikao inayofuatana unaitwa surya namaskar, yaani salamu kwa jua, na wapo ambao kwao hiyo ni ibada kweli. Kwa hiyo aliyelalamika kwamba mle ndani mna neno jua hakulitunga. Alichokosea ni kutouliza sisi tisa tunafanya nini.

Na wenye elimu ya dini hawana jibu moja. Novemba 2008 baraza la taifa la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga. Januari 2009 baraza la maulamaa la Indonesia likasema yoga yenye maneno ya ibada ni haramu, ila ikiwa ni mazoezi ya mwili peke yake hapana ubaya. Novemba 2017 Saudi Arabia ikaitambua kama shughuli ya michezo ambayo mtu anaweza kuombea leseni ya kufundisha. Hizo ni nchi tatu zenye Waislamu wengi, na kila moja na jibu lake. Mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili sitajifanya mufti juu yao.

Nilichofanya ni kumwendea maalim aliyenisomesha chuoni, chuo kile cha Ujiji cha utotoni, siyo hiki. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha hata video. Akauliza, "Ukiwa umekaa hapo unasema nini?" Nikamjibu nahesabu pumzi, Maalim. "Mpaka ngapi?" Mpaka kumi, kisha narudia. "Unamwomba nani?" Simwombi yeyote, Maalim, nahesabu tu. Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mswala wako usiutumie kwa hayo." Basi. Mpaka leo mswala ni mswala na mkeka ni mkeka, havikutani. Mwenye maalim mwingine mwenye jibu jingine amfuate wake. Sitamvuta mtu mkono.

Upande wa pili, mmoja wa wenzangu chumbani ni mlokole wa kweli, na aliamini kwamba tunafungulia mapepo mlango. Siku moja alikuja na Biblia yake akakaa kwenye kiti cha nyuma saa nzima. Alisoma, akatuangalia, akasoma. Mwishoni akasema yeye hatafanya, moyo wake haumruhusu, lakini hatasema tena kwamba tunaabudu kitu kwa sababu hajakiona. Hajawahi kujiunga. Laiti waliochukua ufunguo wangekaa kwenye kiti kile hata nusu saa.

Kikundi chetu kina utaratibu, na uliandikwa kabla ya malalamiko. Hakuna mantra, hakuna uvumba, hakuna sanamu. Mgeni siku ya kwanza anaambiwa wazi yoga imetoka wapi na yale majina yana maana gani, ili akitaka kuondoka aondoke akiwa anajua. Mmoja wetu alidai kwamba kuuita mti mchikichi na maiti dagaa ni ujanja wa kuficha. Tulibishana naye karibu zoezi zima. Naona ingekuwa kuficha kama tungekana chanzo. Majina yetu yalitoka uani kwa Bibi kabla sijajua kwamba kuna mtu wa kumficha.

Tena mikao yenyewe, kwa namna tunavyoifanya, si ya kale kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ilipangwa upya karne ya 20, na jina linalojirudia ni la Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha kwenye kasri la Mysore miaka ya 1930. Huyo Pattabhi Jois alikuwa mwanafunzi wake. Na B.K.S. Iyengar, aliyekuwa shemeji yake, ndiye ninayempenda mimi. Alizaliwa mwaka 1918, wakati wa ile homa kuu ya mafua, na utotoni akapita kwenye malaria, taifodi na kifua kikuu. Mtoto wa namna hiyo sisi Kigoma tunamjua. Kila mtaa unaye, miguu myembamba, anakaa pembeni wenzake wakicheza. Mwili wake ulikuwa mgumu na dhaifu alipoanza. Kitabu chake cha mwaka 1966, Light on Yoga, kina picha zake akifanya mikao ambayo mimi sitaifikia, lakini urithi wake mwingine ndio unaonihusu: alizoesha watu kutumia mikanda, matofali, viti na mablangeti, ili mwili usiofika ufikishwe. Sisi tunatumia kitenge badala ya mkanda. Badala ya tofali tunatumia madesa yaliyofungwa pamoja. La takwimu lina unene mzuri, na hatimaye limenifaa kwa kitu.

Wanaosema yoga ni ya matajiri nao wana haki yao, maana ukiitafuta mjini utaikuta kwenye studio zenye viyoyozi. Ila bei hiyo ni ya studio. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, ambayo imefundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu, nao wanarudi mitaani kwao kufundisha bure. Kila Juni 21, siku ya yoga iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014, ubalozi wa India huandaa zoezi la wazi Dar es Salaam. Hakuna anayehitaji kibali cha Masaki.

Kwa hiyo kwa ndugu zetu wa serikali ya wanafunzi, tunachoomba ni kidogo. Turudishiwe chumba kile siku tatu kwa wiki, saa moja kabla jua halijapanda, kwa daftari la mahudhurio na jina la anayewajibika kwa ufunguo, niwekeni mimi. Siku moja kati ya hizo tatu iwe ya wasichana peke yao. Wavulana wetu wawili wamekubali, na mmoja wao ndiye aliyependekeza. Mwenye maumivu makali ya mgongo, ganzi mguuni, au aliyewahi kuumia aende kwanza zahanati ya chuo, sisi si waganga. Na kama kuna kikundi kingine kinachokitaka chumba saa hiyo, kiwe cha kwaya, cha dini yoyote au cha mdahalo, tugawane siku.

Waziri wa michezo akitaka kuja kuona kabla ya kuamua, aje Jumatano. Avae suruali isiyobana na asile kwanza. Mkeka tutampa. Asitutafute chumbani; tangu kufuli liwekwe tunafanyia kwenye veranda ya nyuma ya maabara, ambayo haina ukuta upande wa mashariki, na masika ikianza maji yote yanaingia pale.